Kivuko Nilichokionyesha kwa Kidole

Juma zima usingizi wangu uliharibiwa na vitone. Ni vitone vidogo, safu mbili, vinavyokata rangi ya buluu ya mto Pangani kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na pembeni yake pana neno fupi la Kiingereza lenye maana ya mahali watu wanapovuka kwa miguu. Anayeisoma ramani ile ataamini kwamba pale maji hayapiti magoti. Mimi nilikuwa nikigeuka kitandani na maswali mawili. Je, vitone vile niliviweka mimi? Na kama niliviweka mimi, nilikuwa nataka nini?

Najua swali la pili halimhusu mtu mwingine yeyote. Mwalimu ninayeishi naye chumba kimoja, ambaye akigusa mto wa kulalia tu amelala, aliniambia, "Wewe shoga, hata ukipewa maji ya kunywa utauliza yametoka kisima gani." Ni kweli, nitauliza. Lakini safari hii nilikuwa na sababu.

Nina miezi minne kazini. Shahada yangu ya jiografia bado ni mpya hata sijaitafutia fremu, na ofisi ya ramani ilinipa kazi ambayo wakubwa hawaipendi: kupitia ramani za zamani, karatasi kwa karatasi, kabla hazijachapwa upya, nikitafuta majina yaliyokosewa, barabara zilizokufa, vijiji vilivyohama. Karatasi ya mto Pangani ilikuwa imebandikwa kwenye kitambaa kizito na kukaa miaka ndani ya mkebe wa bati. Nilipoifungua, kabla sijaona kitu, harufu ilinifikia: turubai lililolowa, likakauka juani, likalowa tena. Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa naogopa, na bado sikujua naogopa nini. Kisha nikaufuata mto kwa kidole mpaka kwetu, nikaviona vile vitone.

Nilikuwa na miaka minane wakati ule, labda tisa. Mama anasema minane. Marehemu bibi alihesabu kwa njaa na nzige, na kwa hesabu yake nilikuwa tisa. Kijiji chetu, Kwamnyeti, kiko upande wa kusini wa mto, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Pangani mjini. Upande wa pili lilikuwa shamba la mkonge, na baba alikuwa mkataji huko. Alilala kambini siku za kazi, Jumamosi mchana akarudi kwetu, Jumapili jioni akaondoka. Kwa hiyo mto ulimpitisha mara mbili kila juma, na mimi kila Jumamosi tangu adhuhuri nilikaa barazani nikiitazama njia. Watoto wengine walikuwa wakicheza. Mimi nilikuwa mtoto wa kungojea.

Palikuwa na pahala pamoja tu pa kuvuka, tulipaita Jabalini, ambapo mawe mapana yamelala chini ya maji kama mikeka iliyotandikwa. Kiangazi maji yalimfika baba magotini, yanakwenda mbio, yanapiga kelele. Chini kidogo, mto ulipopinda, kelele zilikatika ghafla na maji yakawa meusi, yametulia. Hapo paliitwa Kwa Mwanamvua. Mwanamvua alikuwa mwanamke aliyekwenda kuloweka ukindu wake wa mikeka, na ukabaki ukindu.

Mamba, basi, hawakuwa hadithi ya kutulazia watoto. Kilichomlinda baba, kwa imani ya kila mtu niliyemjua, ni zindiko. Fundi mmoja, kabla bibi hajaolewa, alizika dawa kila upande wa Jabalini kufunga vinywa vya mamba. Na zindiko lina miiko yake. Huvuki na viatu. Chuma hakiingii majini kikiwa uchi. Jembe, panga, kisu cha mkonge, vyote vinazongwa kitambaa kwanza, na nilizoea kumwona baba akitokeza njiani na kisu chake kimefungwa kama mtoto mchanga. Na mgeni haonyeshwi. Mgeni akitaka kuvuka, mwenyeji humshika mkono akamvusha, lakini hamwambii kwamba hapa ndipo kivuko chetu. "Likishatajwa kwa asiyehusika," bibi alisema, "hulegea kama fundo la kanga mpya." Kanga mpya ina wanga, inateleza, kila msichana anajua fundo lake halikai. Nilielewa vizuri sana. Pengine nilielewa kupita kiasi.

Wale watu wa ramani walikuja kiangazi, kwa lori. Mzungu mmoja mrefu, tuliyempa jina la Bwana Darubini, na wanaume sita wa kazi. Walipiga mahema juu ya kilima. Walikuwa na darubini ya miguu mitatu, na siku ya pili tu ilijulikana kwamba anayetazama ndani yake huwaona watu miguu juu kichwa chini. Hilo, nimekuja kujifunza chuo kikuu, lilikuwa kweli. Vioo vya darubini zile viligeuza picha. Lakini wanawake wa Kwamnyeti hawakungoja chuo kikuu. Kila darubini ilipoelekezwa upande wao walishika kanga zao magotini kwa mikono miwili, wakapita hivyo wamejikunyata, ndoo zikiyumba vichwani.

Walikuwa na mnyororo mrefu wa chuma wanaoukokota porini, na walichimba mashimo. Jumbe alitukusanya akatueleza kwamba serikali inachora ramani ya mto na inatafuta makaa ya mawe.

"Makaa," bibi alisema. "Miti wanayo kwao, moto wanao kwao. Wamekuja kutafuta makaa chini ya ardhi ya Kwamnyeti. Na wewe Jumbe umeamini?"

"Mimi nimeambiwa, bi mkubwa," Jumbe alijibu. "Kuamini hakumo katika mshahara wangu."

Watu walicheka, lakini walikwenda nyumbani mapema. Makaa kila mtu alichoma mwenyewe nyuma ya shamba lake; nani asafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya makaa? Kulikuwa na neno jingine ambalo halikusemwa mbele ya Jumbe, nikalisikia usiku kutoka chumbani kwa mama: mumiani. Nyote mliozaliwa pwani wakati ule mnalikumbuka. Mumiani ni watu wanaonyonya damu za wenzao kuzifanya dawa, na hawaji wamevaa pembe. Huja na lori, na vyombo, na barua ya serikali.

Nilikwenda kuyaona mashimo. Yalikuwa na urefu wa mtu mzima na upana wa mtu aliyelala. Kaburi nilikuwa nimeliona, la babu, na nilijua kwamba ubavuni mwake huchongwa mwanandani, kile kijishimo anamolazwa maiti akaelekezwa kibla. Mashimo haya hayakuwa na mwanandani. Nilisimama ukingoni nikafikiri kwa uwezo wangu wote, nikaona hakuna njia nyingine ya kulielewa: watakaowekwa humu hawatazikwa Kiislamu. Sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtu ameshaona na wamekubaliana kunyamaza.

Mmoja wa wale wanaume sita alikuwa Elia, Mshambaa kutoka milima ya Lushoto, Mlutheri, aliyeshika fimbo ndefu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, yenye ncha ya chuma. Alikuja kwetu kununua mayai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mshambaa wewe?"

"Ndiyo, bibi. Umenijuaje?"

"Umesimama mbali na mtungi. Nyie watu wa milimani maji mnayaogopa hata yakiwa ndani ya nyumba."

Elia alicheka mpaka akaegemea mlango. "Kwetu maji yana adabu, bibi. Yanapita zake. Ya kwenu yamekaa yanamngojea mtu."

"Ukae hivyo hivyo na woga wako," bibi alisema, akimhesabia mayai. "Utazeeka."

Kuanzia siku hiyo nilitumwa mimi kupeleka mayai kilimani, kwa sababu mama hakutaka kupita mbele ya darubini. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kuchanjwa. Elia alinipokea, akanipa kipande cha sukari guru, na siku ya tatu, Bwana Darubini akiwa hayupo, akaniingiza hemani kunionyesha karatasi. Humo ndimo ilimokuwa ile harufu. Juu ya meza palikuwa na karatasi kubwa kama jamvi, na mto umechorwa, umepinda pale pale unapopinda.

"Hii ni nyumba yenu," Elia alisema, akaweka ncha ya penseli juu ya kitone cheusi kisichofika punje ya ulezi.

"Bibi yumo?"

"Wote mmo."

Pembeni palikuwa na chupa ya kitu chekundu, na kalamu imelala mdomoni mwake, ncha yake imekauka wekundu. Nilijitahidi nisiitazame. Nikaitazama.

"Ile ni nini?"

"Wino."

"Wa kuandikia nini?"

"Njia. Kila njia wanayopita watu tutaitia nyekundu. Njia, kisima, msikiti, kivuko, kila kitu kitaingia humu."

"Mkimaliza mtaiacha?"

"Tuiache?" Elia alicheka. "Itakwenda Dar es Salaam, halafu Ulaya kuchapwa. Mtajulikana mpaka huko."

Alidhani ananifurahisha. Nilishuka kilima nikikimbia, na ile sukari guru niliitema kichakani. Sasa nilikuwa na jambo zima kichwani, limekamilika, wala hakuna mtu mzima angeweza kulifungua: njia anayopita baba itatiwa nyekundu, kivuko chetu kitatajwa kwenye karatasi mbele ya watu wasiohusika, mpaka Ulaya, zindiko litalegea, na Jumamosi itafika.

Siku zile Bwana Darubini alikuwa anakitafuta hicho kivuko. Aliwaona watu wa mkonge upande huu na upande ule, na daraja halikuwepo. Alimwuliza Jumbe kwa kinywa cha Elia. Jumbe akasema watu huzunguka. Wapi? Mbali. Alimwuliza bibi. "Mimi mzee, sivuki," bibi akasema, na juzi yake tu alikuwa amevuka kwenda kumzika shoga yake. Aliuliza wanawake kisimani, kila mmoja akaonyesha upande wake, na pande zote zikawa hewa. Kwetu hilo halikuwa uongo. Lilikuwa kama kufunga mlango.

Nilikutana nao nikitoka kuokota kuni. Bwana Darubini alikuwa mwekundu kwa jua na hasira, akasema maneno, na Elia akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Bwana anasema watoto hawasemi uongo," aliniambia. "Mwanangu, baba yako akitoka mkonge anavukia wapi?"

Nilikumbuka kwamba naye ni mtu mwema. Hilo nataka liandikwe. Sikuwa nimemsahau wema wake nilipoinua mkono. Nilinyoosha kidole chini ya mto, mpindoni, kwenye maji yaliyotulia.

"Kule," nikasema.

Sasa hapo ndipo swali langu la pili linapoishi. Nimejaribu miaka yote kumwuliza yule mtoto, na ananijibu majibu mawili. Jibu la kwanza: karatasi ile ilikuwa inachukua vitu na kuvipeleka mbali, basi na imchukue Mwanamvua, kile kina cheusi na mamba wake wote, iende navyo Ulaya, tubaki na Jabalini yetu. Hilo ni jibu zuri, la kitoto, naweza kulisimulia watu wakatabasamu. Jibu la pili ni fupi. Mumiani wakiingia pale hawatatoka. Siku nyingine naamini la kwanza. Nikiwa nimechoka naamini la pili.

Kesho yake asubuhi nilijificha kwenye matete karibu na mpindo. Sikutumwa. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kutokwenda. Elia alikuja peke yake na fimbo yake. Alivua viatu, akavipanga vizuri ukingoni, akakunja suruali, akaingia majini huku anavumisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, kama mtu anayejipa moyo. Pale ukingoni pana mchanga, hatua nne au tano kabla ardhi haijakatika. Kila mtu wa Kwamnyeti anajua, ndio mchanga uliomdanganya Mwanamvua. Maji yalimfika magotini. Alichoma fimbo mbele yake, ikasimama. Akapiga hatua. Akachoma tena.

Nilifungua mdomo. Hilo nalikumbuka kwa sababu nzi aliingia. Sauti haikutoka. Nilijiambia ipo njiani, inakuja, hatua moja zaidi itatoka. Elia aliinua mguu.

Ndipo filimbi ikalia kilimani. Bwana Darubini alikuwa akiwaita watu wake kwa filimbi. Elia aligeuka, akarudi mchangani, akachukua viatu mkononi, akapanda njia bila kuangalia nyuma. Na maji nyuma yake yakafunguka polepole, bila sauti, ukatokeza mgongo kama gogo lililoungua. Yule mamba alisogea mpaka pale ilipokuwa miguu ya Elia, akatulia hapo, kama mtu aliyechelewa.

Nilikaa kwenye matete mpaka jua lilipokuwa kichwani. Nilikuwa nimejikojolea, na nilingoja nguo ikauke.

Elia alikwenda akamwambia bwana wake alichokiona: mchanga, maji ya magoti, pamefaa. Sikusikia akisema, lakini vitone vimesema. Walikuwa na haraka ya kuhamia juu ya mto, makaa yao hawakuyapata kwetu, na siku mbili baadaye lori liliondoka. Elia alinipungia mkono. Mashimo waliyafukia wenyewe. Hakuna mtu aliyewekwa humo.

Jumamosi ilipofika sikukaa barazani. Nilijifunika gubigubi ndani, nikitetemeka, mama akadhani ni homa. Kwa nini niliogopa, wakati kivuko chetu nilikuwa nimekificha? Kwa sababu nilikuwa nimetaja cha uongo kwa kidole hicho hicho, na sikujua zindiko linahesabu vipi. Labda linaadhibu kutaja, si kitajwacho. Baba aliingia, kisu chake kimezongwa, magoti yake yana chumvi ya jasho na udongo, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mbona baridi?" akasema. Nikalia kwa kwikwi, nikamweleza bibi kila kitu, isipokuwa yale ya mdomo wazi.

Bibi akatoka uani, akamshika kuku, akamchinjisha kwa baba. Jioni, tulipokaa mkekani, akachukua firigisi, ambalo nyumbani kwetu ni la baba na hakuna mtoto aliyewahi hata kulinyooshea mkono, akaliweka kwenye wali wangu mbele ya watu wote.

"Kula," akasema. "Umeifunga nyumba."

Baba alilitazama firigisi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Nililitafuna. Nimewahi kuogopa mambo mengi baada ya hapo, mitihani, meli, madaktari, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa na firigisi lile mdomoni, watu wazima wote wamefurahi, na mimi peke yangu najua kwamba mtu aliinua mguu na mimi nikanyamaza.

Nadhani ndiyo sababu nilisoma jiografia. Nilitaka kujua karatasi zile zinafanya nini hasa. Nikajifunza kwamba hazichukui kitu. Zinarudia tu zilichoambiwa, kwa miaka mingi, bila kuona haya.

Haya yote yangekuwa kumbukumbu tu kama si penseli. Kwenye nakala iliyokuwa mezani kwangu, mtu alikuwa amevizungushia vile vitone duara, akaandika kwa mkono mzuri: malori yapite hapa. Serikali yetu wenyewe sasa inataka kuyatafuta upya makaa ya mawe kando ya Pangani, na kikosi kilikuwa kinaondoka siku chache zijazo. Vijana wawili wa kikosi hicho nimesoma nao. Mmoja ni wa Dodoma. Mto wenye maji ameuona akiwa mtu mzima.

Nilijitetea kwa kila njia. Mito huhama, labda mchanga umejaa. Labda wataliona giza la maji wasite. Labda wenyeji watawaonya. Hapa ndipo nilipokwama, maana nawajua wenyeji. Watawauliza watu wa Kwamnyeti kivuko kiko wapi, nao watajibiwa kwamba watu huzunguka. Watafungua ramani, na ramani itawaambia kivuko kipo. Kati ya mzee anayekwepa macho na karatasi yenye muhuri wa serikali, kijana aliyesoma ataamini kipi? Mimi mwenyewe ningeamini karatasi.

Basi niseme. Lakini nikisema, nitaulizwa cha kweli kiko wapi. Baba ameacha mkonge, magoti yamemchoka, ila kila Jumamosi bado anavuka Jabalini kwenda kucheza bao na wenzake wa kambini. Najua kwamba dawa haifungi kinywa cha mamba. Najua kwamba mamba hapendi mawe na maji ya mbio, nimelisoma, naweza kulieleza ubaoni. Na bado kila nilipofikiria kuweka alama ndogo pale Jabalini, kidole changu kilikuwa baridi. Tena mimi ndiye mwanamke pekee katika chumba kile cha wachoraji. Nilisikia tayari watakavyocheka: shahada nzima, na bado zindiko.

Ijumaa, saa nne asubuhi, niliiviringisha karatasi nikaingia nayo kwa mkubwa wetu, Bwana Sefu, mzee mpole wa Tanga mjini ambaye hunywa kahawa chungu kutwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nini, umepata kosa?"

"Hiki kivuko si cha kweli. Ni kina, na pana mamba."

Alivaa miwani. "Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyewaonyesha waliochora. Nilikuwa mtoto. Niliwadanganya."

Bwana Sefu alianza kucheka, akaniangalia, akaacha. Alitazama vitone, akatazama duara la penseli, akaweka kikombe chini.

"Umekaa na jambo hili tangu lini?"

"Hapa ofisini, juma moja."

"Juma moja," alisema polepole. "Haya. Tukitoe. Cha kweli kiko wapi, tukitie?"

"Hicho sitakitia, mzee."

"Hukijui?"

"Nakijua. Wenyewe hawajaniruhusu. Wana mwiko nacho." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka. "Kikosi kiende kwa mwenyekiti wa kijiji, kiombe kuvushwa. Mgeni akiomba hanyimwi. Lori litabaki upande huu, watu watavushwa kwa mkono. Wavue viatu tu, na vyuma vyao wavifunge kitambaa."

"Niandike hivyo kwa Katibu Mkuu? Wataalamu wavue viatu?"

"Andika waombe wenyeji. Ya viatu nitawaambia mwenyewe."

Akanisukumia wembe wa kukwangulia uliokuwa juu ya meza yake. Nilikwangua pale pale mbele yake, kitone kwa kitone, mpaka buluu ikapita moja kwa moja bila kukatwa. Pembeni nikaandika kwa wino: kina kirefu, mamba, hakuna kivuko. Chini yake nikatia sahihi, jina langu na jina la baba. Kisha nikashuka ngazi kuwatafuta wale vijana wawili, waliokuwa uani wanapakia lori.